Tiketi unayo, kiti je? Kuweka nafasi au kupanda hivyo hivyo kwenye treni za mbali za Ulaya

Mama mdogo alipokuwa anajiandaa kuja kututembelea kutoka Tanga, nilimtumia tiketi yake ya treni kwa WhatsApp: Frankfurt mpaka Hamburg, safari ya karibu saa 4, siku ya Ijumaa mchana. Hazikupita dakika kumi akanipigia.

"Mwanangu, mbona sioni namba ya behewa wala namba ya kiti? Hii tiketi imekamilika kweli?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ameshapanda SGR kutoka Dar kwenda Dodoma, na ndugu zake wa Mombasa wamezoea Madaraka Express ya kwenda Nairobi. Kote huko ukishalipa nauli umeshapata kiti: behewa namba fulani, kiti namba fulani, na mtu mwingine hana lake pale. Ulaya haiko hivyo kila mahali. Zipo nchi ambazo nauli inakupa ruhusa ya kupanda tu. Kukaa ni habari nyingine, na ina bei yake.

Kila kiangazi naulizwa swali hilo hilo na ndugu, marafiki na watu wanaokuja kwa mara ya kwanza: niweke kiti, au nipande hivyo hivyo nitafute humo ndani? Nimesafiri kwa njia zote mbili, peke yangu na pamoja na familia, na jibu langu linabadilika kufuatana na nchi, siku na watu ulionao.

Kwanza, treni zisizokupa hiari

Ufaransa, kwenye treni za kasi za TGV tiketi na kiti kwa kawaida huenda pamoja. Ukinunua Paris–Marseille, kiti kimo ndani ya bei na namba yake imeandikwa. Hispania na AVE zake ni hivyo hivyo, na juu yake mzigo wako unapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kuifikia treni, kwa hiyo usifike stesheni dakika ya mwisho. Italia, Frecciarossa na Italo zote zinakutaka uwe na kiti. Treni za PKP Intercity za Poland pia, kwa kawaida. Eurostar ya kwenda London ina kiti na ina dawati la uhamiaji (na viza ya Schengen haikuvushi kuingia Uingereza, jambo ambalo limewaumiza wengi). Treni za usiku kama Nightjet huwezi kuzipanda bila kuweka kiti, kitanda cha pamoja au chumba.

Kwa mwenye tiketi ya kawaida hapo hakuna la kulinganisha. Nunua mapema, basi. Wanaonaswa ni wenye pasi.

Pasi ni ile tiketi moja ya nchi nyingi. Wanaoishi Ulaya, hata kama pasipoti yao ni ya Kenya au Kongo, wananunua Interrail. Anayekuja kutoka Dar, Kigali au Muscat ananunua Eurail. Watu huiona bei ya pasi wakadhani wamemaliza. Kumbe kwenye TGV mwenye pasi bado anatakiwa alipie kiti, kwa kawaida euro 10 au 20, na viti vilivyotengwa kwa watu wa pasi vina idadi yake. Vikiisha, vimeisha, hata kama treni yenyewe ina nafasi. Frecciarossa ni euro 13. Eurostar ya London ni ghali zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla hujalipia pasi, andika kwenye karatasi kila treni unayokusudia kupanda, weka bei ya kiti pembeni, kisha jumlisha. Safari ya Ufaransa na Hispania tupu, mara nyingi tiketi za kawaida zilizonunuliwa mapema zinaishinda pasi. Ujerumani, Austria na Uswisi, pasi inapumua.

Sasa zile ambazo hiari ni yako

Hapa ndipo swali lenyewe lilipo, na Ujerumani ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. ICE, treni yao ya kasi, inaweza kukimbia Hamburg mpaka Munich kwa karibu saa 6, na katika saa hizo zote unaruhusiwa kisheria kupanda bila kiti. Kiti cha daraja la pili kinalipiwa euro 5.50 kwa mtu mmoja, safari ya upande mmoja. Austria, kwenye treni za kasi za Railjet, kiti kinaanzia euro 3. Uswisi watu karibu wote hupanda tu, na treni zao ni nyingi kiasi kwamba ukikosa hii utasubiri nusu saa. Uholanzi na Ubelgiji, kwa treni za ndani ya nchi, hakuna hata cha kuweka. Uingereza kampuni nyingi za safari ndefu zinakupa kiti bure unaponunua tiketi, kwa hiyo chukua tu.

Nibaki Ujerumani, maana huko ndiko watu wanakosimama.

Kuna Ijumaa moja, mimi na mke wangu na watoto wawili tulikuwa tunakwenda arusini kusini. Nilipiga hesabu nikaona viti vinne ni pesa ya kununulia zawadi, nikaacha. Treni ilipoingia jukwaani, madirisha yalionyesha watu wameshasimama. Tulikaa kwenye ile nafasi ya mlangoni, karibu na choo. Mwanangu wa kwanza aliketi juu ya sanduku la nguo kutoka Hannover hadi Würzburg, karibu saa 2, na kila mlango wa choo ulipofunguliwa alikuwa anainuka kumpisha mtu. Mdogo wake alilala begani kwa mama yake, na mama yake amesimama. Hakuna aliyetufanyia kosa. Wenye viti walikuwa wamevilipia. Uamuzi ulikuwa wangu, na tangu siku hiyo sijasafiri na watoto Ijumaa bila kiti.

Hapo kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Ujerumani mtoto wa chini ya miaka 15 akifuatana na mtu mzima halipiwi nauli. Lakini kusafiri bure hakumpi kiti. Usipomwekea, hana mahali pake, na treni ikijaa utampakata, awe na miaka mitano au kumi na mitatu. Zamani familia nzima ilikuwa inaweza kuwekewa viti kwa euro 10.40. Mpango huo ulifutwa tarehe 15 Juni 2025. Kwa euro 5.50 kila kiti, baba, mama na watoto wawili ni euro 22 kwenda, na 22 nyingine kurudi. Naona ni uamuzi mgumu kwa familia zenye kipato kidogo, na nimesikia watu wakilalamika kwa haki. Hata hivyo, kwa safari inayozidi saa 2, mimi nalipa. Ikibidi nipunguze, nachukua kiti cha mke wangu na vya watoto, mimi nasimama.

Unachopoteza ukiweka kiti

Kiti kimefungwa kwenye treni moja, saa moja, siku moja. Unaweza kuwa na tiketi ya bei kubwa inayokuruhusu kupanda treni yoyote ya siku hiyo, lakini kiti chako kitaondoka na treni uliyoichagua, uwepo usiwepo. Na ukishapanda usizubae kwenye behewa la chakula: usipokikalia ndani ya dakika 15 baada ya treni kuondoka pale ulipopandia, haki yako imekwisha, na aliyekaa ana ruhusa ya kubaki.

Halafu kuna ucheleweshaji. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati, yaani bila kuchelewa dakika 6 au zaidi, zilikuwa asilimia 62.5. Ukiwa na safari ya kubadilisha treni mara mbili, uwezekano wa kuikosa mojawapo si mdogo. Ukiikosa kwa sababu ya kuchelewa kwao, tiketi yako inaendelea kufanya kazi kwenye treni inayofuata. Kiti ulichoweka hakikufuati. Ndiyo maana safari yenye vipande vifupi vifupi, na dakika 8 za kuunganisha katikati, mimi siwekei kiti kila kipande. Naweka kwenye kile kirefu tu.

Na wakati mwingine behewa lako halipo kabisa. Treni imebadilishwa, behewa namba 7 halikuja, na abiria wake wote wanazagaa na simu mkononi. Pesa ya kiti unaweza kuidai irudi, ila kwa siku hiyo umerudi kundini pamoja na wasioweka.

Unachopata, mbali na kukaa

Wengi hufikiri euro 5.50 zinanunua mto na mgongo wa kiti. Kwangu faida kubwa ni kujua niende wapi. ICE 4 yenye behewa 13 ina urefu wa mita 374 na viti 918. Ukiwa na sanduku la kilo 23 lililojaa unga wa muhogo, dagaa na viungo vya pilau, hutaki kuanza kulivuta behewa baada ya behewa ukitafuta. Mwenye kiti anaangalia ubao wa jukwaani, anaona behewa lake litasimama kwenye herufi gani, anangoja pale pale. (Ubao ukisema mpangilio wa mabehewa umegeuzwa, uamini ubao, si tiketi.)

Zaidi ya hapo, baadhi ya treni ni mbili zilizounganishwa, na zinaachana njiani. Treni za Berlin kwenda magharibi, kwa mfano, nyingi hugawanyika mjini Hamm: nusu moja inakwenda upande wa Köln, nyingine upande wa Düsseldorf. Huwezi kupita kutoka nusu hii kwenda ile treni ikiwa inatembea. Aliyeweka kiti amewekwa kwenye nusu yake. Asiyeweka lazima asome maandishi ya mlangoni kabla ya kupanda, na mgeni asiyejua Kijerumani ndiye anayeteleza hapo.

Unaweza pia kuchagua: dirishani au upande wa ushoroba, penye meza au pasipo, behewa la utulivu au chumba cha wenye watoto wadogo. Kile cha watoto, kikiwa wazi, kichukue bila kufikiri mara mbili. Pana nafasi ya kigari, na hakuna atakayekukazia macho mtoto akilia. Kitu kimoja tu usikipanie: kutazama mbele. Stesheni kuu ya Frankfurt ni ya mwisho wa reli, treni nyingi zinaingia na kutoka kwa upande ule ule, kwa hiyo aliyekuwa akitazama mbele anajikuta anarudi nyuma mpaka mwisho wa safari.

Kupanda bila kiti, lakini kwa akili

Kuna watu hawaweki kamwe na mara nyingi wanakaa. Siri yao ni siku na mahali.

Jumanne, Jumatano na Jumamosi mchana treni zinapumua. Ijumaa baada ya saa 6 mchana na Jumapili kuanzia alasiri zinajaa, na hivyo hivyo siku za kuzunguka Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Idi yetu haijazi treni zao. Ikiangukia katikati ya juma, unaweza kwenda kuswali na kula kwa ndugu mji mwingine na ukapata behewa nusu tupu.

Mahali pia panahesabika. Treni nyingi za Hamburg kwenda kusini zinaanzia Altona, si stesheni kuu. Ukipandia Altona unazikuta tupu, dakika chache baadaye stesheni kuu inamimina watu. Munich ni stesheni ya kuanzia, panda mapema. Kinachokuumiza ni kupandia katikati ya njia, Hannover au Mannheim, mahali ambapo wote wameshakaa.

Na jifunze kusoma kile kiskrini kidogo cha kiti. Kikiandika "Göttingen – Frankfurt", maana yake kiti kina mwenyewe kuanzia Göttingen tu. Kama wewe unashuka Hannover, kaa kwa amani. Kama unakwenda mbali zaidi, kaa lakini ujue utahama. Kikiandika "ggf. reserviert", kiti kinaweza kuwekwa na mtu wakati wowote, hata treni ikiwa imeshaondoka, kwa hiyo usitandaze mizigo yako kana kwamba umehamia. Kikiwa hakina kitu, umepata.

Jukwaani usisimame pale ngazi zinapomwaga watu. Nenda mpaka mwisho wa jukwaa, behewa za pembeni ndizo zinazojaa mwisho.

Siku utakayoweka kiti na kumkuta mtu amekikalia, usione haya. Sisi tumelelewa kutomwinua mtu, na nimeona ndugu zangu wakisimama saa nzima pembeni ya viti walivyolipia kwa sababu ya heshima. Huko si utovu wa adabu hata kidogo. Mwonyeshe namba kwenye simu, useme "Entschuldigung, ich habe hier reserviert" (samahani, nimeweka kiti hapa), naye atanyanyuka, mara nyingi akiomba radhi. Ila akiwa ni bibi mwenye mkongojo, mimi humwacha akae nikatafuta kingine, na sitakushauri vinginevyo.

Mfano wa Uswisi, ambako asiyeweka ndiye anayefaidi

Reli ya Albula na Bernina, kati ya Thusis, St. Moritz na Tirano, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Inapanda hadi mita 2,253 juu ya usawa wa bahari bila reli ya meno, kisha inateremka mpaka Italia penye mitende. Wageni wengi wanakimbilia Bernina Express, yenye madirisha makubwa yanayopanda hadi paani. Hiyo lazima uweke kiti na ulipe nyongeza juu ya nauli au pasi.

Kwenye reli ile ile, madaraja yale yale, inapita treni ya kawaida ya mkoa. Haina nyongeza, huweki chochote, unashuka kijiji chochote ukapiga picha, unapanda inayofuata. Na baadhi ya madirisha yake yanafunguka, wakati yale makubwa ya Express yamefungwa na picha zinatoka na kivuli cha kioo. Kwa mzee anayetaka kukaa mahali pamoja, kutulia na kutazama, Express inafaa. Wengine wote ninawaambia wapande ya mkoa.

Ile ya Ujerumani ya mkoa nayo kwa kawaida haina viti vya kuweka, na Deutschlandticket ya kila mwezi inakupeleka popote ndani ya hizo treni, lakini haikubaliki kwenye ICE. Hamburg mpaka Munich kwa treni za mkoa tupu ni siku nzima na kubadilisha mara kadhaa. Kijana mwenye begi moja ataipenda. Mama mjamzito, hapana.

Ningemshauri nani nini

Ukiwa peke yako, begi la mgongoni, katikati ya juma, unapandia stesheni ya kuanzia: bakisha euro 5.50 zako. Ukiwa na tiketi huru na hujui mkutano utaisha saa ngapi: usiweke, kiti kitakufunga. Ukiwa na mtoto, mzee, mgonjwa, mimba, au masanduku mawili, moja kila mkono: weka, na uweke mapema ili muwe pamoja. Ukiwa Ijumaa au Jumapili na safari inazidi saa 2: weka hata kama uko peke yako. Ukitoka kwenye ndege, weka, lakini chagua treni inayoondoka angalau saa 3 baada ya kutua, maana foleni ya uhamiaji na mizigo haijui treni yako ni ya saa ngapi.

Mama mdogo nilimwekea kiti siku ile ile aliyopiga simu. Behewa karibu na rafu ya mizigo, dirishani. Alifika Hamburg ametulia, akiniambia jirani yake alimsaidia kupandisha sanduku na wakagawana maandazi aliyotoka nayo nyumbani.

Kumrudisha Frankfurt ilikuwa Jumanne asubuhi, nikaenda naye, na safari hii sikuweka. Tulipandia Altona, behewa zima tukiwa watu sita. Alipita taratibu akisoma viskrini, akasimama kwenye kimoja, akavaa miwani.

"Hapa wameandika Göttingen. Mwenyewe anapandia huko?"

"Ndiyo, Mama."

Akasogea safu mbili mbele, kwenye kiti kisichoandikwa kitu, akaweka mkoba wake dirishani, akaketi.